Wilaya ya Würzburg: kwa nini mji dada wetu haumo ndani ya wilaya yenye jina lake?

Mwalimu wa Nyegezi

Habari za jioni wanajukwaa. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Mwanza, na klabu ya wanafunzi wangu imeanza kuchora ramani kubwa ya ukutani ya Würzburg, mji wa Ujerumani ambao umekuwa mji dada wa Mwanza tangu mwaka 1966. Tulipofika kwenye mipaka tukakwama. Ramani ya kiutawala ya jimbo la Bavaria inaliandika jina la Würzburg mara mbili: mara ya kwanza kwenye doa dogo ambalo ndilo mji wenyewe, na mara ya pili kwenye eneo kubwa linalolizunguka doa hilo pande zote, ambalo nalo linaitwa wilaya ya Würzburg. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akauliza: kama mji haumo ndani ya wilaya, wilaya inatawaliwa kutoka wapi?

Naomba wenye ujuzi wanisaidie kwa mambo matatu. Kwanza, mgawanyo huo ulitokeaje. Pili, eneo hilo la mashambani lina sura gani, yaani mito, udongo, mvua na mazao, na lina historia gani, kwa sababu sipendi wanafunzi wachore ukanda mtupu wenye majina wasiyoweza kuyatamka. Tatu, udugu wetu ni wa mji au ni wa wilaya?

Karani Mstaafu, Bukoba

Mwalimu, swali la kijana wako ni zuri, na sisi wa Kagera halitushangazi sana. Manispaa ya Bukoba ina madiwani wake na mkurugenzi wake, na Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba, inayoizunguka manispaa upande wa nchi kavu, ina wa kwake. Würzburg ni hivyo hivyo. Katika Bavaria kuna wilaya 71 za mashambani na miji 25 inayojitegemea, ambayo haiwajibiki kwa wilaya yoyote kwa kuwa yenyewe inafanya kazi zote za wilaya ndani ya mipaka yake. Mji wa Würzburg ni mmojawapo wa hiyo 25. Kuhusu makao makuu, ofisi ya wilaya imo mjini, nje kabisa ya ardhi inayoihudumia. Sisi mwaka 2019 tuliagizwa na serikali kwamba halmashauri za aina hiyo zihamie kwenye maeneo yao. Wabavaria wameziacha mjini, kwa sababu barabara na reli zote za wilaya zinakutana huko na mwananchi wa kijiji cha kusini hupata shida kubwa zaidi kwenda kijiji cha kaskazini kuliko kwenda mjini.

Kwa vipimo: wilaya ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 968 na wakazi zaidi kidogo ya 160,000, waliogawanyika katika manispaa na vijiji 52 vyenye mabaraza yao na mameya wao. Mji una kilomita za mraba 88 hivi na wakazi wanaokaribia 130,000. Vyote viwili vimo katika mkoa wa Unterfranken, ambao nao makao makuu yake ni Würzburg, kwa hiyo mji mmoja una ofisi za ngazi tatu.

Sasa nielezee kidogo utendaji, maana wengi hapa wataisoma wilaya hii kwa macho ya Tanzania na kupotea. Mkuu wa wilaya hateuliwi na yeyote. Anapigiwa kura moja kwa moja na wananchi kwa kipindi cha miaka sita, pamoja na halmashauri ambayo kwa wilaya ya ukubwa huu ina madiwani 70. Mkuu huyo ndiye mwenyekiti wa halmashauri, na papo hapo ndiye msimamizi wa shughuli za serikali ya jimbo katika eneo lake, kama vile kukagua vibali vya ujenzi na kusimamia vijiji visivunje sheria ya fedha. Wilaya inashughulikia barabara za wilaya, shule za sekondari, taka, ustawi wa watoto, na hospitali iliyoko Ochsenfurt. Fedha zake kwa sehemu kubwa hutokana na mchango unaotozwa kila manispaa na kijiji kulingana na uwezo wake wa kodi, na ukitaka kusikia mameya wakizungumza kwa uchungu, ingia kikao cha bajeti siku kiwango cha mchango huo kinapojadiliwa.

Chimbuko lake ni mwaka 1862, Bavaria ilipoziunganisha mahakama mbili za zamani, moja ya upande wa kushoto wa mto Main na nyingine ya upande wa kulia, zikawa ofisi moja ya utawala chini ya afisa aliyetumwa na serikali. Jina la ofisi ya namna hiyo, Bezirksamt, ndilo Wajerumani waliloleta baadaye katika boma la Mwanza, nako huku afisa alitumwa tu, bila kuchaguliwa na mtu. Jina la sasa, Landkreis, lilianza kutumika rasmi mwaka 1939. Lakini mipaka unayoiona kwenye ramani yako ni ya tarehe 1 Julai 1972, Bavaria ilipopunguza wilaya zake kutoka 143 hadi 71. Wilaya jirani ya Ochsenfurt ilifutwa na karibu yote ikaunganishwa na Würzburg, kisha vikaongezwa vipande vya wilaya nyingine za pembeni. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 mji nao ulivimeza vijiji kadhaa vya jirani, kikiwemo Lengfeld. Ndiyo maana mpaka kati ya mji na wilaya umejaa kona: kila kona ni kijiji kilichokubali au kilichokataa.

Kapripointi

Nashukuru kwa maelezo, mzee wangu, lakini niseme ukweli wangu. Naona huo ni ukanda wa makazi tu wa watu wanaofanya kazi mjini. Majumba ya kifalme, chuo kikuu na makanisa makubwa yako Würzburg; wilaya imebaki na vitanda vya kulala. Je, kuna lolote la kuandika humo ambalo si kivuli cha mji?

Binti Ukerewe

Ndugu Kapripointi, umesema kweli kwa vijiji vinavyopakana na mji, kama Gerbrunn, Höchberg na Rottendorf, ambavyo asubuhi hutoa magari na jioni huyapokea. Nilisoma kilimo huko na kupanga chumba Ochsenfurt, na ninakuhakikishia kwamba ukitoka nje ya vijiji hivyo unakuta nchi nyingine. Niruhusu nianze na mto, kwa sababu bila mto hakuna kinachoeleweka.

Mto Main hauendi moja kwa moja. Ukitoka Schweinfurt unashuka kusini, unafika Ochsenfurt, halafu unageuka kwa ghafla na kupanda kaskazini-magharibi kupitia Würzburg hadi Gemünden, hivyo unachora pembetatu ambayo ncha yake ya kusini iko Ochsenfurt. Wilaya imekaa juu ya ncha hiyo na mkono wake wa magharibi, na kule Eisenheim, kaskazini-mashariki, inaugusa pia mkono wa mashariki. Kusini kabisa, kwenye mpaka wa jimbo la Baden-Württemberg, kuna mto mdogo wa Tauber unaopita Bieberehren, Röttingen na Tauberrettersheim. Katika kijiji hicho cha mwisho kuna daraja la mawe la mwaka 1733 lililojengwa kwa mchoro wa Balthasar Neumann, yule yule msanifu wa jumba la maaskofu la Würzburg.

Mito yote miwili imechimba mabonde yake katika mwamba wa chokaa uliotokana na bahari ya kale, na ukivunja jiwe ukingoni mwa barabara mara nyingi unakuta maganda ya kombe yamegandamana ndani yake. Miteremko inayotazama kusini ni mikali, jiwe lake hutunza joto la mchana, na hapo ndipo ilipo mizabibu: Randersacker, Sommerhausen, Frickenhausen, Thüngersheim. Aina inayosifika zaidi ni Silvaner, na mvinyo wake bora hutiwa katika chupa bapa yenye tumbo, Bocksbeutel, ambayo ni alama ya Franconia nzima, yaani sehemu ya kaskazini ya Bavaria. Nyumbani tumezoea zabibu za Dodoma zilizopandwa tambarare, kwa hiyo nilipoona mara ya kwanza watu wakivuna huku wamefungwa vikapu mgongoni na mguu mmoja uko juu ya mwingine kwa sababu ya mwinuko, nilielewa kwa nini vijana wengi wa huko wanaziachia familia chache kazi hiyo. Leo Franconia yote ina mizabibu ya hekta zaidi kidogo ya 6,000. Zamani eneo lilikuwa kubwa mara nyingi zaidi, kabla ya magonjwa, baridi kali na bia kulipunguza.

Panda sasa kutoka bondeni hadi juu ya uwanda, kusini mwa Ochsenfurt. Huko mizabibu inakwisha, miti inakwisha, na unaona shamba tupu hadi upeo wa macho. Eneo hilo wanaliita Gau. Wakati wa enzi ya barafu upepo ulirundika hapo vumbi laini la rangi ya manjano, na vumbi hilo limekuwa udongo mwororo usio na mawe, wenye uwezo wa kushika maji muda mrefu, mojawapo ya udongo bora kabisa wa Bavaria. Wakulima wa Gau walijulikana kwa utajiri, na mageti ya mawe yaliyochongwa mbele ya nyumba zao katika vijiji kama Gaukönigshofen na Sonderhofen yanaonyesha hivyo hadi leo. Wanalima ngano, shayiri na hasa viazisukari, ambavyo hupelekwa kwenye kiwanda cha sukari cha Ochsenfurt kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sisi tuliozoea miwa ya Kagera tunaweza kushangaa kwamba sukari hutoka kwenye mzizi mweupe mnene uliojaa tope. Kuanzia Septemba mpaka mwanzoni mwa mwaka mpya kiwanda hakizimwi usiku wala mchana, malori yanapanga foleni, barabara zinateleza kwa udongo, na mji mzima unanuka kama ugali mtamu ulioungua. Zamani kulikuwa na reli ndogo kutoka Ochsenfurt kupita katikati ya Gau hadi Weikersheim. Iling'olewa, na sasa ni njia ya baiskeli.

Kuhusu mvua, Mwalimu, hilo liwekee rangi yake kwenye ramani. Eneo la Würzburg hupata milimita 600 hivi kwa mwaka, wakati Mwanza tunapata karibu 1,000 na zaidi, na ni miongoni mwa sehemu kavu na zenye joto zaidi katika Bavaria, kwa sababu milima ya magharibi inazuia mawingu. Kaskazini, katika bonde la Bergtheim, wanalima mboga kwa umwagiliaji wa maji ya chini ya ardhi, na mvutano kati ya wakulima wa mboga na wanaohofia visima vya maji ya kunywa umekuwa mkali kadiri majira ya joto yanavyozidi kukauka. Mtu wa kando ya Ziwa Victoria hawezi kuelewa haraka kwamba watu wanaweza kugombania maji huku mto mkubwa unapita mbele yao.

Mvuvi wa Historia

Dada yetu wa Ukerewe amemaliza habari za ardhi, nami nimjibu ndugu Kapripointi kwa habari za watu. Kosa lake ni kudhani kwamba mji ndio uliotengeneza historia na mashamba yakatazama. Mara nyingi ilikuwa kinyume.

Kwa karne nyingi mwenye mji na sehemu kubwa ya nchi hiyo alikuwa askofu wa Würzburg, ambaye pamoja na fimbo ya uchungaji alishika pia upanga, akatoza kodi, akaweka majeshi na kunyonga wahalifu. Lakini hakuwa na kila kijiji. Ochsenfurt iliuzwa mwaka 1295 kwa baraza la makanoni, yaani mapadri wa kanisa kuu, na hao waliulinda mji wao hata dhidi ya askofu mwenyewe. Sommerhausen na Winterhausen, vijiji viwili vinavyotazamana kwenye kingo za Main, vilikuwa vya makabaila wa Limpurg, ambao walifuata mageuzi ya Luther, ndiyo maana hadi leo ni vya Kiprotestanti katikati ya Wakatoliki. Kwingine kijiji kimoja kilikuwa na mabwana wawili au watatu. Ukiiweka ramani ya mwaka 1700 juu ya ramani ya leo utaona viraka vitupu.

Viraka hivyo vilikuwa na maana kwa maisha ya watu. Katika karne ya 16 Wayahudi walifukuzwa na maaskofu kutoka mjini. Wakapata hifadhi, kwa malipo makubwa, katika vijiji vya makabaila wadogo waliohitaji fedha. Ndivyo vijiji vya kawaida vya wakulima vilivyokuja kuwa na masinagogi. Veitshöchheim lipo la mwaka 1730, na katika dari lake mwaka 1986 yaligunduliwa maandishi ya zamani ya Kiebrania na ya Kijerumani cha Kiyahudi yaliyohifadhiwa humo kwa sababu hayakuruhusiwa kutupwa. Höchberg palikuwa na shule iliyoandaa walimu wa Kiyahudi, na hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1831 Leopold Sonnemann, mwanzilishi wa gazeti la Frankfurter Zeitung. Maisha hayo yalikuwa yamewahi kushambuliwa kabla, kwani mauaji makubwa ya Wayahudi wa Franconia ya mwaka 1298 yalianzia Röttingen, na yalikomeshwa moja kwa moja na Wanazi. Msafara mmoja tu, ule ulioondoka Würzburg Aprili 1942, ulipeleka Wayahudi 852 wa Unterfranken katika Poland iliyokuwa inakaliwa na Wajerumani. Sinagogi la Gaukönigshofen sasa ni mahali pa kumbukumbu kwa Wayahudi wa wilaya nzima.

Na sasa wakulima. Mwaka 1476 kijana mchunga kondoo na mpiga ngoma, Hans Böhm, mzaliwa wa Helmstadt, alianza kuhubiri Niklashausen kwenye bonde la Tauber kwamba Bikira Maria amemtokea, na kwamba misitu, maji na malisho ni ya watu wote, na mabwana wafanye kazi ya kibarua kama wengine. Maelfu kwa maelfu ya watu waliacha mashamba wakamfuata. Askofu Rudolf von Scherenberg alituma wapanda farasi wakamkamata usiku, na tarehe 19 Julai akachomwa moto Würzburg. Haikupita hata miaka 50, mwaka 1525, wakulima wa kusini mwote mwa Ujerumani wakainuka, na mmoja wa viongozi wao alikuwa kabaila, Florian Geyer, ambaye kasri la ukoo wake lilikuwa Giebelstadt katika Gau. Wakulima waliuzingira mlima wa ngome ya askofu mwezi Mei bila mafanikio. Tarehe 2 Juni walipigwa Königshofen, na tarehe 4 Juni kikosi kingine kikaangamizwa katika mashamba kati ya Sulzdorf na Ingolstadt, ambavyo ni vijiji vilivyomo leo ndani ya mipaka ya Giebelstadt (huyu Ingolstadt si ule mji mkubwa wa Danube). Geyer aliuawa siku chache baadaye katika msitu wa Gramschatz karibu na Rimpar, na watumishi wa shemeji yake. Mchongaji mashuhuri Tilman Riemenschneider, aliyekuwa upande wa mji uliowaunga mkono wakulima, alifungwa na kuteswa. Mojawapo ya kazi zake za mwisho, Maombolezo ya Kristo kwa jiwe la mchanga, iko Maidbronn, kijiji cha Rimpar. Mimi ningemweka Geyer kwenye ramani kwa tahadhari. Wanazi walilitwaa jina lake wakaiita kwa jina hilo divisheni ya wapanda farasi ya SS, jeshi la chama chao, na Ujerumani Mashariki ya kikomunisti nayo ikamfanya shujaa wake. Maiti hana wakili.

Utawala wa askofu uliisha mwaka 1802 na 1803, mali za Kanisa zilipotaifishwa. Nchi ikawa ya Bavaria, kisha kati ya 1806 na 1814 ikawa dola ndogo chini ya Ferdinand wa Toscana, kisha ikarudi Bavaria. Watawa walifukuzwa, na hapo wilaya ikapata bahati isiyotarajiwa: mwaka 1817 Friedrich Koenig na Andreas Bauer walinunua monasteri tupu ya Oberzell, katika kijiji cha Zell, wakaanzisha humo kiwanda cha mashine za kuchapia. Koenig alikuwa ndiye aliyeunda mashine ya mvuke iliyochapa gazeti la The Times la London tarehe 29 Novemba 1814. Kwa hiyo magazeti ya Ulaya yalianza kuchapwa kwa mashine zilizotoka kijijini, kwenye vyumba vya watawa, wakati mji wenyewe ulikuwa umelala. Kiwanda kilihamia mjini mwaka 1901.

Vita vilipita mara nyingi, nitavitaja kwa haraka: Waaustria waliwashinda Wafaransa katika mashamba ya mashariki mwa mji Septemba 1796, na tarehe 25 na 26 Julai 1866 Waprusia na Wabavaria walipigana Helmstadt, Uettingen na Roßbrunn. Lakini la mwaka 1945 lazima lisemwe kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndilo linaloeleza sura ya vijiji vya sasa. Usiku wa tarehe 16 Machi ndege za Waingereza ziliuteketeza mji wa Würzburg kwa muda usiofika nusu saa. Watu wapatao 5,000 walikufa na sehemu kubwa mno ya majengo ya mji wa kale ikawa majivu. Walionusurika walitembea kwenda vijijini, wengi wao kwa miguu na bila kitu. Vijiji vilivyokuwa na ghala na mazizi vikajaa watu wa mjini, halafu baada ya vita wakaja Wajerumani waliofukuzwa kutoka Bohemia na nchi nyingine za mashariki. Kijiji kilichokuwa cha dini moja na cha ukoo mmoja mmoja kikapata majirani wasiojuana, na vitongoji vipya vikajengwa pembeni. Hivyo hivyo "vitanda vya kulala" unavyovidharau, ndugu yangu, vilianza kama vitanda vya waliokoswakoswa na moto.

Kapripointi

Nimekubali. Nitamsoma Hans Böhm.

Mwalimu wa Nyegezi

Asanteni sana, wote. Mmenipa zaidi ya nilichoomba, na kwa kweli itabidi ramani iwe kubwa kuliko ukuta. Nina mambo mawili yaliyobaki. Mzazi mmoja amesisitiza kwamba tuweke abasia ya Münsterschwarzach ndani ya wilaya hii, kwa kuwa wamisionari Wabenediktini wa huko walikuja Tanzania. Na bado sijajibiwa kuhusu udugu.

Karani Mstaafu, Bukoba

Mzazi ana haki ya kuijua abasia hiyo, kwa sababu watawa wake wamefanya kazi Ndanda na Peramiho, lakini haimo. Münsterschwarzach iko kando ya Main upande wa mashariki, katika wilaya jirani ya Kitzingen. Mkiitaka, ichoreni nje ya mpaka.

Udugu wa mwaka 1966 ni wa mji wa Würzburg na Mwanza. Wilaya haikutia saini. Msingi wake ni wa muda mrefu zaidi kwa upande wa tiba, maana Würzburg ndiko iliko Taasisi ya Udaktari wa Kimisionari iliyoanzishwa mwaka 1922, na uhusiano wa madaktari wa huko na hospitali ya Bugando unajulikana kwa kila mtu wa Mwanza. Kwenye ramani yenu mstari wa kuunganisha na Ziwa Victoria uanzie kwenye doa la katikati, usianzie kwenye ukanda.

Binti Ukerewe

Naongeza kitu kimoja ambacho kitawafurahisha wanafunzi, Mwalimu. Ndani ya eneo la Veitshöchheim, kaskazini mwa mji, kuna kitongoji cha Gadheim chenye wakazi chini ya 100. Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya mwanzoni mwa mwaka 2020, wapima ramani wa Ufaransa walikokotoa upya kitovu cha kijiografia cha Umoja huo, na kikaangukia kwenye shamba la Gadheim. Kabla ya hapo kilikuwa Westerngrund, kwenye wilaya nyingine ya Unterfranken. Sasa pamewekwa bendera na alama, na mabasi ya watalii husimama katikati ya ngano. Nchi nyingine ikiingia au ikitoka, kitovu kitahama tena, kwa hiyo kiwekeeni pini badala ya wino. Veitshöchheim yenyewe ina jumba la mapumziko la maaskofu na bustani ya sanamu za Ferdinand Tietz, ambayo Askofu Adam Friedrich von Seinsheim aliipamba kuanzia mwaka 1763; na jirani yake kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa mizabibu na bustani, ambako wanafunzi wa kilimo kutoka nje hupelekwa kuona jinsi ya kulima kwa mvua kidogo.

Mvuvi wa Historia

Na Sommerhausen, tafadhali msiandike mvinyo tu. Ndipo alipozaliwa mwaka 1651 Franz Daniel Pastorius, aliyehamia Amerika na mwaka 1683 akaanzisha makazi ya Germantown huko Pennsylvania. Mwaka 1688 yeye na wenzake watatu walitia saini tamko la kupinga utumwa, la kwanza la aina yake katika makoloni ya Kiingereza kule. Kwa watoto wa pwani ya ziwa ambalo njia za misafara ya watumwa ziliwahi kulifikia, jina hilo lina uzito kuliko la askofu yeyote.

Mwalimu wa Nyegezi

Nimeandika yote, likiwemo la Pastorius kwa kalamu nyekundu. Swali dogo la mwisho kutoka kwa kijana yule yule wa kidato cha pili: je, watu wa Ochsenfurt waliridhika wilaya yao ilipofutwa?

Binti Ukerewe

Mwambie hawakusahau. Baada ya mwaka 1972 magari yote ya wilaya yalisajiliwa kwa herufi WÜ, sawa na ya mji. Sheria iliporuhusu herufi za wilaya zilizofutwa zirudi, Ochsenfurt ilirudishiwa OCH yake mwaka 2013, na tangu hapo mwenye gari wa wilaya hiyo huchagua mwenyewe. Katika vijiji vya Gau utaziona OCH kwenye matrekta mapya kabisa, ambayo wenye nayo hawakuwa wamezaliwa wilaya ile ilipokuwepo.